Chale Nilizozipaka Samli

Sandukuni kwangu ipo picha ya mume wangu ambayo haina sura. Si ya karatasi, ni ile ya plastiki nyeusi ya hospitali. Ukiishika mlangoni jua likaipiga, unaona kivuli cha mtu, mikono kando, na ndani yake madoa. Wajukuu wakiipata huuliza kama babu yao alimeza taa. Nawaambia wairudishe. Leo nasema yale madoa yalitoka wapi, maana anayejua nimebaki mimi peke yangu, na sitaki kufa nalo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kimelala. Ghala lake, ambamo nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, nimekalia gunia la mbegu, lilipangishwa kwa muuza mitumba. Pamba akawa ananunua kila mwenye lori na mizani yake. Maduka ya dawa yakafunguka kila kona ya Bariadi, na wafumu, waganga wetu ambao zamani uliwafuata kwa kujificha, wakaanza kutundika vibao barabarani. Kila mtu akawa huru kuuza alicho nacho, na sisi tukawa huru kununua hata tusichokijua.

Mume wangu alipata uvimbe kwenye paja la kushoto. Mwanzoni tulisema ni pale plau ilipomgonga wakati wa kulima. Tukakanda kwa maji ya chumvi. Haukwenda. Ulikuwa mgumu kama kiazi kibichi, na kila mwezi kiazi kilikua. Hospitali ya wilaya wakamchoma sindano wakatoa kipande, wakapeleka kupimwa, na jibu liliporudi wakatuambia twende Dar es Salaam. Daktari wa pale alikuwa mzee, hakuzunguka. Alisema, "Baba, huu ni ugonjwa wa kukatwa. Kama uko hapo tu, watakata mguu na utaishi. Kama umeshatembea mwilini, hawatakata, maana watakuwa wanakutesa bure. Huko wana mashine ya kujua."

Tulipotoka nje mume wangu akasema, "Msukuma wa mguu mmoja atachunga nini? Kuku?"

"Utachunga kuku," nikamwambia. "Na mayai utaokota."

Hakucheka. Nami sikuwa nacheka.

Sasa niseme mimi nilikuwa nani, bila hilo hamtaelewa. Nilikuwa mama wa kigango cha Wakatoliki pale kijijini kwetu Sapiwi. Vitambaa vya altare nilifua mimi, nikavipiga pasi ya mkaa mimi. Na mdomo nilikuwa nao. Mwanamke akionekana kwa mfumu, jumuiya ikikutana mimi ndiye niliyemsimamisha mbele ya wenzake aseme alifuata nini. Jirani yangu mmoja nilimsimamisha akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Alilia, nikamwambia machozi ayapeleke kwa padre.

Basi mimi huyohuyo, siku tatu kabla ya safari, nilimchukua mume wangu nikampeleka kwa mfumu upande wa Mwandoya. Tuliwaaga watu kwamba tunakwenda kuangalia ndama wa shemeji yake. Sikulazimishwa na mtu. Niliogopa tu. Niliwaza: ugonjwa huu kama bado umekaa pajani, basi na ufungiwe hapohapo usitembee, ili hospitali wakiutafuta waukute mahali pamoja.

Tuliposhuka kwenye lori tukaanza kutembea, akaniita mama kwa Kisukuma chetu, akaniambia, "Mayu, leo mama wa altare ndiye ananipeleka kwa mfumu. Nikipona nitoe sadaka wapi?"

"Nyamaza, tembea."

"Natembea kwa mguu mmoja, mwingine nauburuta. Na mdomo nao ukiuzuia nitabaki na nini?"

Mfumu alikuwa kijana, amevaa saa ya dhahabu bandia. Alisikiliza, akakubali kabla sijamaliza. Alisema ugonjwa hutembea kwa viungo, kwa hiyo viungo ndiyo milango, na milango hufungwa. Akachukua wembe mpya, hilo nililidai mimi. Akachanja shingoni, mabegani, viwikoni, kwenye vifundo vya mikono, kinenani, magotini, kwenye vifundo vya miguu, kila mahali kulia na kushoto, chale mbilimbili. Kisha akasugua unga mweusi wa mizizi iliyochomwa mpaka damu ikageuka matope. Mume wangu aliuma kola ya shati. Paja lenyewe hakuligusa. Alisema mgeni akishafungiwa ndani, hakuna haja ya kupiga chumba.

Siku ya tatu tukaenda Shinyanga kupanda treni, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chupa ya samli niliyoisuka mwenyewe, zawadi ya watu watakaotupokea. Ndani ya treni nikaona zile chale hazikai vizuri. Kinenani pamevimba kwa ndani. Magoti yamepata joto. Juu ya nyingine maganda yamesimama, mtu yeyote angejua ni mbichi. Nikafungua chupa, nikampaka. Siku zote mbili za safari nilikuwa nampaka samli, namenya maganda taratibu kwa ukucha, mpaka zikalala. Kwa ule weusi wa unga na ile samli, zikafanana na chale za mtu aliyezaliwa nazo. Abiria wa mbele yetu, mama mmoja wa Tabora, akasema, "Mume wako anatunzwa kama bwana harusi." Nikamwambia nyumbani kwetu ndivyo tunavyowatunza.

Hospitalini alitupokea nesi Mzaramo, mnene, mcheshi. Aliposikia tunatoka Bariadi akapiga makofi.

"Watani zangu hao! Ng'ombe mmewaachia nani?"

"Tumewaachia Wazaramo," mume wangu akajibu, kalala na maumivu yake. "Tuliwakuta kwenye ngoma, tukasema angalau mara moja wajue kazi."

"Nitakuchoma sindano butu, Msukuma wewe!"

"Ichome, mradi usiniimbie."

Mnajua utani ulivyo. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia msibani na usikasirike. Nesi akachukua fomu yake akawa anauliza na kuandika. Amewahi kupasuliwa? Hajawahi. Ana kidonda, ana jipu, amechomwa sindano mwezi huu? Tukajibu. Akafunua shuka, akasimamisha kalamu.

"He, mtani! Umechorwa kama ramani ya Tanzania. Chale za lini hizi?"

Mume wangu akanigeukia. Kwetu mwenye mgonjwa ndiye anayemsemea, na nilikuwa nimekaa palepale. Nikasema, "Za utotoni. Walimchanja ili akikua akikutana na Wazaramo wasimwibie."

Nesi alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Huku anacheka, akaandika: za zamani. Nilisoma kwa macho yangu, maana kusoma najua. Nikajiambia kwa mtani mtu haapi, huo ni mchezo. Lakini kalamu haikuwa inacheza.

Kesho yake akaja daktari wa ile mashine. Alikuwa kijana, mpole, wa kuvuta kiti akakaa. Alisema wanayo dawa ya majaribio iliyoletwa na mtaalamu mgeni, na mume wangu akikubali watamwekea hiyo. Kisha akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi, "Mama, nyumbani unasuka maziwa?"

"Tangu nina miaka sita."

"Basi utanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu." Akaeleza. Alisema wametengeneza vifuko vya mafuta, vidogo mno, jicho haliwezi, ukuta wake ni mafuta na ndani yake wamefungia dawa yenye mionzi. Vina jina la kigeni, liposomu. Vinaingizwa kwenye mshipa wa mkono, vinatembea na damu mwili mzima. Penye mishipa mizima havitoki, vinapita tu. Lakini uvimbe mbaya unakua kwa pupa, unajijengea mishipa ya haraka, mibovu, inayovuja. Vifuko vikifika hapo vinatoka, vinajikusanya, vinakaa. Halafu mashine inasoma ile mionzi kutoka nje, na palipokusanyika panawaka kwenye picha. "Ini na bandama huwaka kwa kila mtu, hayo tusiyahesabu. Tunatafuta pengine."

Nilimwelewa. Wallahi, nasema hivi ingawa mimi ni Mkatoliki, nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kibuyu cha kusukia kikiwa na ufa, siagi haikusanyiki yote juu. Nyingine inakwenda kujibandika pale penye ufa, na unaweza kuujua ufa kwa kupapasa siagi kabla hujaona maziwa yakidondoka. Mama yangu alinifundisha hivyo kukagua vibuyu.

Naye, kama aliyenisoma, akaongeza: "Ila mama, kuna jambo moja. Mishipa huvuja pia penye kidonda kibichi, penye jipu, penye chochote kilichovimba kwa uchafu. Vifuko vitakaa hapo vilevile, na mimi kwenye picha sitaweza kutofautisha. Ndiyo maana tunauliza sana. Kuna mahali popote palipoumia hivi karibuni?"

Niliona chale zote akilini, moja moja, na mahali zilipo. Ilikuwa neno moja tu. Lakini niliona pia lile neno linarudi Sapiwi. Kwenye ile wodi alikuwepo muuguza mgonjwa wa kutoka Migato, kitanda cha tatu, na anamjua paroko wetu. Nikawaona wanawake wa jumuiya wamekaa, na yule wa mtoto mgongoni amekaa mbele, wananingoja nisimame.

Nikasema, "Nesi ameandika yote."

Daktari akamtazama mume wangu. Mume wangu akatikisa kichwa kwamba hakuna. Wakati ule nilidhani ananilinda mimi.

Wakamwekea dawa. Wakamtenga siku mbili, asikae na mjamzito wala mtoto, mkojo wake ukavutiwa maji mara mbilimbili. Alinipungia mkono kutoka mlangoni akasema, "Mayu, usinisogelee, sasa mimi ni umeme." Wakamlaza chini ya mashine kubwa kama mdomo wa kiboko, kesho yake, na keshokutwa tena.

Siku ya majibu daktari alikuja na hii picha. Hakuvuta kiti. Aliibandika kwenye kioo chenye taa. Paja la kushoto liliwaka, duara kubwa, jeupe. Ini na bandama, kama alivyosema. Halafu kinena, pande mbili. Magoti, mawili. Kiwiko, na kiwiko. Vifundo vya mikono. Mengine hafifu, mengine makali.

Alipitisha kidole kutoka doa hadi doa. Akasema kama anajisemea, "Mbona yamekaa jozi jozi? Ugonjwa huu haupangi mstari." Akageuka. "Baba. Mama. Kuna kitu sikuambiwa?"

Nilikuwa nimefumba mikono mapajani. Midomo ilifunguka, nakumbuka, hewa ikaingia. Mume wangu akawahi.

"Daktari, umetazama mwenyewe. Mashine yako ni ya kizungu, itasema uongo kwa ajili ya nini?"

Kijana yule alitaka kurudia kipimo baada ya mwezi. Alituomba tubaki mjini. Mume wangu akasema pamba itaharibika shambani, na kwamba kama ni kufa atafia kwenye nyumba yake. Madaktari wakubwa wakakaa, wakasema kwa picha ile na kwa mgonjwa asiyetaka kungoja, hawawezi kukata mguu mzima. Wakatupa vidonge vya maumivu na picha tuondoke nayo. Nesi Mzaramo alitusindikiza mpaka getini. Siku hiyo hakutania. Chupa ya samli, iliyobaki nusu, nilimpa yeye. Nilitaka itoke machoni pangu.

Kwenye treni ya kurudi mume wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka mahabusu. Alinunua karanga kila stesheni. Sikumwelewa, nikasema moyoni kwamba ugonjwa umeingia kichwani.

Nyumbani watu walikuja kutupa pole. Nikasema hospitali imeshindwa, mashine imeona ugonjwa kwenye viungo vyote. Kila mmoja akasema hizo mashine za siku hizi ni za kula watu tu, na mimi sikumkatalia hata mmoja.

Chale zikapona. Hilo ndilo lililoniua kwanza. Baada ya mwezi magoti yakawa magoti, viwiko vikawa viwiko, kinena kikalala. Kilichoendelea kukua ni paja peke yake. Siku moja tulikuwa uani tunachambua pamba, yeye kwenye kiti kwa sababu kupiga magoti hakuweza tena. Akanyoosha mikono akaizungusha.

"Mayu, mbona viungo havivimbi?"

Nikavuta tumba jingine.

"Picha ilisema viungo vyote vina ugonjwa. Mbona ugonjwa umekaa tu pale ulipokuwa?"

Nikasema, "Turudi. Nitamwambia daktari kila kitu. Nitamwonyesha kila mahali wembe ulipopita."

"Utamwambia uliongopa?"

"Nitamwambia."

"Na atakata."

"Na akate!"

Akachukua tumba la pamba, akatoa uchafu wake taratibu, akaliweka kwenye rundo safi. Kisha akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika: "Wewe ulinyamaza kwa aibu. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya mguu. Daktari alipoeleza habari ya vidonda nilijua palepale picha itaharibika. Nikasema basi, Mungu amenifichia mguu wangu. Usijibebeshe peke yako."

Alidhani ananipunguzia. Mpaka leo sijui kama nimemsamehe kwa lile. Mwanamume mzima mwenye watoto saba, anachagua mguu. Halafu najirudi: neno lilikuwa la kwangu kwanza. Kama ningelisema kwa nesi, kwake kusingebaki cha kuchagua.

Nilimgombeza wiki nzima. Nilimwambia atachunga kuku, atachunga bata, atachunga chochote. Mwishowe akakubali. Kufikia hapo mvua zilikuwa zimeshika, barabara ya Maswa imekatika, na tulipokuwa tunangoja ikauke akaanza kukohoa. Kikohozi kikaleta damu. Daktari mzee wa wilaya alimsikiliza kifua, akamvalisha shati mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akaniambia nimrudishe nyumbani. Sasa ulikuwa umetembea kweli. Milango tuliyoifunga haikuzuia kitu.

Alikufa pamba mpya ikiwa na majani manne. Alizikwa na miguu yake yote miwili, kama alivyotaka. Kwenye matanga padre alinisifu mbele ya watu kwamba sikuyumba, sikukimbilia wafumu. Nilikaa chini na kitambaa kichwani nikayapokea yale maneno. Vitambaa vya altare nikaendelea kufua.

Ningeendelea hivyo mpaka leo. Lakini mwaka uliofuata alikuja yule jirani, yule niliyemsimamisha na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akasalimia, mwangaluka, nikaitikia. Kisha akafungua blauzi. Titi lilikuwa na uvimbe.

"Wameniandikia Dar es Salaam," akasema. "Ndugu zangu wanasema nisiende. Wanasema mume wako mashine ilimdanganya, akaambiwa ana ugonjwa pasipo na ugonjwa. Wewe ulikuwepo. Niambie wewe. Ile mashine ni mwongo?"

Nilimtazama. Shingoni, chini kidogo ya kola, niliona chale mbili, mbichi, na weusi wake.

Nikaingia ndani nikatoa picha. Nikaishika juani, nikamwonyesha doa moja moja, nikamwambia hili alichanja mfumu, na hili, na hili, na hili hapa la pajani ndilo ugonjwa. Nilimweleza habari ya vifuko vya mafuta na kibuyu chenye ufa. Nilimwambia kuhusu samli. Nikamwambia, "Utakapofika, vua nguo zote. Waonyeshe kila ulipochanjwa na useme siku yenyewe. Wakicheka, wacheke. Mtani wako akiuliza, mjibu kama unamjibu polisi."

Alifunga vifungo polepole. "Kumbe," akasema. "Kumbe siku ile ulinisimamisha mbele za watu..."

"Ndiyo."

"Na mtoto wangu mgongoni."

"Ndiyo. Nenda Dar es Salaam."

Alikwenda, na titi likakatwa. Yuko hai, tunapishana kisimani, hanisalimii. Kabla hajapanda basi alikuwa ameshaieleza jumuiya yote. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa akina mama alikuja na kapu, hakukaa. Aliniomba vitambaa vya altare. Vilikuwa vimekauka kambani, sikuwa nimevipiga pasi. Nikavikunja hivyohivyo nikampa.